Nyota Mbili kwa Makaburi ya Mwatsumo

Mejumaa mwanangu,

Salamu sitakuandikia, maana uko chumba cha pili na ninakusikia. Unabishana na shangazi yako Nimwaka juu ya begi. Yeye anataka uingize kinu kidogo cha bizari, wewe unamwambia wenye ndege watakipima. "Wakipime," anasema, "wakimaliza wakirudishe. Ama huko utatwanga kwa kiatu?" Sala ya alasiri imepita, na gari litakuja kukuchukua kesho alfajiri. Mambo ya koti, ya pasipoti na ya nani wa kumpigia simu ukifika ameshayamaliza yeye, na mengine ameyarudia mara tatu. Mimi nimebakiwa na jambo moja.

Juzi ulisimama mbele ya kabati la vyombo, mkono wako juu ya ile kompyuta ndogo, ukaniuliza: "Baba, sauti za wazee nizipandishe kule kwa kampuni, au nizibakishe hapa?" Nilijifanya sikusikia. Ukauliza tena, nikakwambia chai inapoa. Uzee una faida hiyo moja, kwamba mtu akinyamaza watu husingizia masikio. Nilisikia vizuri sana. Barua hii ndiyo jibu, na jibu limekuwa refu kwa sababu ndani yake mna kitu nilichokuficha.

Unajua kazi yangu ilikuwa gani, lakini hukuniona nikiifanya. Miaka ishirini na moja nilishika mnyororo wa wapima ardhi. Mpima husimama kivulini na chombo chake cha miguu mitatu. Mshika mnyororo huenda juani, huingia miibani, husimama pale anapoelekezwa kwa mkono, akashikilia ufito uwe wima. Nilipima mashamba ya watu kutoka Waa hadi karibu na Bodo, na bikoni nyingi, zile nguzo za mpaka unazoziona zimechomoza kando ya njia, nilizichimbia mimi. Kwetu Mwatsumo, pale nyuma ya ufuo wa Diani, sikutumwa. Kulipopimwa, alikwenda mshika mnyororo mwingine.

Kabla ya hapo alikuja karani wa kuandika wenye ardhi. Alimuuliza babu yako kama ana karatasi. Babu yako alimshika mkono akampeleka makaburini. Akamwonyesha: huyu ni baba yangu, huyu ni baba yake, na huyu hapa ni Mwanamvua, mama yake, aliyechimbisha kisima kile unachokiona. Karani alikuwa mtu wa adabu. Alivua viatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, na hakuandika neno. Babu yako alirudi nyumbani amefurahi. "Amevua viatu," alimwambia bibi yako. "Mtu akivua viatu ameshajua yuko kwa nani." Miaka sita baadaye tuliamrishwa kuhama, na jina lililokuwa kwenye hati lilikuwa la mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona.

Wewe umezaliwa hapa Msambweni na ni mtu wa Msambweni. Mimi nimeishi hapa miaka thelathini na saba, na majirani wema bado huniita wa Mwatsumo, kama mtu aliyekuja jana kumtazama mgonjwa.

Kosa la babu yako niliona nimelielewa. Niliamini kwamba tulipotea kwa sababu hatukuandikwa. Basi dawa, nikasema, ni kuandikwa, popote, na yeyote, mradi jina liwe limekaa mahali. Sikujiuliza daftari ni la nani. Mtu aliyenyimwa kiti hukaa hata kwenye kiti cha kinyozi.

Nilipostaafu ulininunulia simu. Ndani yake kulikuwa na ramani. Siku moja nilikuwa nimekaa barazani, ile ramani ikaniuliza, kwa Kiswahili kizuri kabisa: je, unapafahamu mahali hapa? Mejumaa, hakuna ofisi iliyowahi kuniuliza swali hilo. Hakuna mpima, hakuna karani, hakuna mheshimiwa yeyote. Nilijibu kwa pumzi moja. Ikaniuliza jingine. Wiki ile ile nilifunga safari hadi Diani, nikapitia ufuoni maji yalipokuwa yametoka, kwa kuwa upande wa barabara mwenye hati amejenga ukuta. Mlinzi wa nyuma alikuwa mtoto wa rafiki yangu, akageuza uso. Nikaingia na panga. Kichaka kilikuwa kimeyafunika makaburi miaka yote ile, nami nikayafyeka ili yatoke vizuri kwenye picha. Nikaweka alama: Makaburi ya Mwatsumo. Kisima cha Mwanamvua. Mkwaju wa Mpaka. Ramani ikanishukuru. Ikanipa cheo na beji. Ikaniambia picha zangu zimetazamwa na watu wengi kuliko wote niliowahi kuonana nao maishani.

Nilikwenda Waa kumwonyesha Mzee Suleimani, ambaye kati ya watu wa Mwatsumo ndiye mkubwa kupita wote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kunitazama au umekuja kuitazama simu?"

Nikamwonyesha. Aliiweka mbali na macho, akaisogeza karibu, akaiweka mbali tena.

"Na hawa wanaoyatazama ni kina nani?"

"Ni watu wote, Mzee. Dunia nzima."

"Dunia nzima ina haja gani na mama yangu?"

Nikamweleza kwamba sasa hakuna atakayeweza kusema hatukuwapo. Akanirudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto aliyejikojolea. "Anayetaka kujua makaburi ya wazee wetu," alisema, "aje aulize kwa kinywa chake, nami nimtazame usoni. Nikimwona ni wa kuambiwa nitamwambia, nikimwona si wa kuambiwa nitamkaribisha madafu aende zake. Ndivyo tulivyoambiwa sisi. Wewe umewaambia hata wasiouliza." Nilicheka njia nzima ya kurudi. Nilimwona ni mtu wa zamani. Nilikuwa na miaka sitini na mbili.

Maoni ya kwanza yaliandikwa na mgeni aliyepita pale na pikipiki za magurudumu manne ambazo mahoteli hukodisha. Aliandika kwamba mahali pametulia, ila hapana kivuli wala choo, na cha kuona ni mawe tu. Akatoa nyota mbili. Niliyasoma barazani, nikayasoma tena. Nilimjibu kwa heshima kwamba yale si mawe. Hakujibu. Akaja mwingine akatoa nyota nne kwa sababu ya upepo. Baada ya muda kisima cha Mwanamvua kilibadilika jina kikawa jina la nyumba ya kifahari iliyojengwa jirani. Nilirudisha jina, likabadilishwa. Nililirudisha mara nne. Wenzangu kwenye ramani ile, wenye vyeo kama changu, walipiga kura kwamba jina la nyumba ndilo linalojulikana zaidi. Na kweli ndilo.

Hayo yangekuwa ya kunikasirisha tu. Lakini wakati ule ule sisi watu wa Mwatsumo tulikuwa tunaandaa madai, na wakili alikuwa ametwambia waziwazi: karatasi hamna, kwa hiyo makaburi yenu ndiyo hati yenu. Siku ya kwenda kuyaona pamoja na maafisa tulivaa kanzu. Tulipofika tulikuta uwanja. Nyasi changa, zimemwagiwa maji asubuhi ile, mpaka viatu vyetu vikaloa. Wakili alinitazama. Mzee Suleimani hakunitazama. Ukweli ni huu, na sijawahi kuuandika: bwana mwenye hati hakuwa akijua makaburi yalipo. Mimi ndiye niliyemfyekea kichaka, na mimi ndiye niliyemwekea alama, kwa usahihi wa mtu aliyeshika mnyororo miaka ishirini na moja, hatua mbili tu kutoka penyewe.

Usiku haukuisha kabla sijafungua ramani. Makaburi hayakuwepo. Mtu alikuwa ameripoti kwamba hapo hapana kitu, na kwa saa ile alikuwa anasema kweli. Nikayaweka tena. Yakaondolewa. Nikayaweka tena. Siku ya tatu akaunti yangu ilifungwa kwa kosa la kuandika mahali pasipokuwapo. Nilifukuzwa Mwatsumo mara ya pili, na safari hii kwa kusema uongo kwamba ipo.

Na akaunti ilipofungwa ilikwenda na vyote. Picha za mama yako, Mungu amrehemu, zile za mwaka wake wa mwisho. Barua zangu. Na sauti. Nilikuwa nimewarekodi wazee saba kwa ajili ya madai: Mzee Suleimani mwenyewe, Bi Mwanahamisi, na wengine watano, kila mmoja akieleza njia za Mwatsumo, nani alilala wapi, mpaka ulianzia mti gani. Wote walinipa sharti moja, kwamba maneno yale yasitoke nje ya nyumba yangu. Niliweka mkono kifuani nikaahidi. Kumbe simu ilikuwa ikizipeleka kule yenyewe, kila ninapopata intaneti, wala sikuiamuru. Niliwaandikia wenye kampuni ya ramani ile barua tisa. Nilijibiwa zote tisa mara moja, kwa upole mwingi, na mashine.

Zilipona kwa kuwa shangazi yako ana simu yangu ya zamani, ile niliyorekodia, na shangazi yako hafuti kitu. Anaamini ukifuta kitu simu hupungua nguvu. Kwenye kadi ya ile simu zilikuwamo zote saba, katikati ya mawaidha na video za mapishi ya watu wa Tanga.

Hapo ndipo ulipokuja wewe kutoka chuo, na ile kompyuta isiyozidi ukubwa wa sahani ya kashata. Uliiweka kabatini ukainua birika ili ipate nafasi. Nakumbuka nilikuuliza mambo mawili.

"Hii programu ni ya nani?"

"Haina mwenyewe, Baba. Imeandikwa hadharani. Anayetaka kuisoma anaisoma, anayeweza kuirekebisha anairekebisha, kisha anawapa wenzake."

"Na vitu vyetu vitakaa kwa nani?"

"Hapa. Kabatini."

Nilikwenda jikoni nikakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa.

Ile miaka miwili iliyofuata nilikuwa na furaha, na sitaki uondoke hulijui hilo. Nilinunua daftari nikaandika amri zote kwa mkono, kila moja na maana yake, kama nilivyokuwa nikiandika vipimo. Nilijifunza kuandika kwa vidole viwili. Nilijua mashine yetu inaamka saa ngapi, inazungumza na nani, mlango gani uko wazi na mlango gani umefungwa. Niliiondolea simu yangu kila kitu kilichokuwa kikichungulia, nikaweka ramani ile inayochorwa na watu wenyewe, na kwenye ramani hiyo sikuandika Mwatsumo. Hilo nalo nilikuwa nimejifunza. Uwazi ni mzuri kwa programu. Kwa makaburi ni jambo jingine.

Nilitaka ukoo mzima uhamie kwetu. Unakumbuka? Tuliweka mahali pa kuzungumzia kwenye mashine yetu, tukawaalika wote. Walikuja kwa heshima yangu, wakakaa siku nne, kisha mmoja mmoja wakarudi kule kwenye ile programu ya kijani ya kila mtu. Hamisi, mtoto wa shangazi yako anayefanya kazi hoteli Ukunda, alinipigia simu: "Uncle, hii app yako iko na watu wawili tu, na mmoja ni wewe. Huyo mwingine ni nani, ama ni jini?" Huyo mwingine ulikuwa wewe. Shangazi yako aliniambia usoni: "Kaka, mimi mialiko ya harusi yaja kule. Misiba yaja kule. Nikikaa ndani ya kabati lako nitazikwa bila kujua nimekufa." Ndiyo kasoro ambayo vitabu vya programu huria havikuniambia: mtu anaweza kuwa huru peke yake, lakini hawezi kualikwa peke yake.

Sasa nakuja kwenye kile nilichokuficha.

Mwaka jana, wiki ile ya mvua stima ilipokuwa ikikatika kila saa, diski ya kwanza ilikufa. Chumvi ilikuwa imeshaianza, nilikuwa nimeuona ule unga wa kijani kwenye ncha za waya nikaufuta kwa kitambaa. Ulinipigia simu kutoka Mombasa, nikakwambia usiwe na wasiwasi, nakala ipo kwenye diski ya pili. Nilisema kweli. Nakala ilikuwepo. Kila Ijumaa baada ya sala niliutazama ule mstari unaosema imekamilika, nikaweka alama ya vema kwenye daftari. Nilipoifungua, nilikuta mafolda yote saba, na majina yote saba kama nilivyoyaandika. Ndani ya matatu hamkuwa na kitu.

Nilikaa nayo siku mbili mpaka nikajua. Miezi minane kabla yake nilikuwa nimezihamisha sauti za wazee wale watatu nizipange upya, kwa utaratibu mzuri zaidi, na sikuirekebisha ile amri ya kunakili. Mashine ikafuata amri yangu. Ilikwenda mahali nilipoiambia, ikakuta patupu, ikanakili utupu, ikaniambia imekamilika. Miezi minane niliweka alama ya vema juu ya utupu. Na zile nilizozihamisha zilikuwa kwenye diski iliyokufa. Kadi ya simu ya shangazi yako nilikuwa nimeshaifuta mwenyewe, kwa ajili ya ahadi, ili pasibaki kitu nje ya nyumba.

Mmoja wa wale watatu ni Bi Mwanahamisi. Ndiye peke yake aliyejua makaburi kwa mpangilio, nani yuko ubavuni mwa nani, wanaume kwa wanawake kwa watoto wachanga wasiokuwa na jiwe. Alikuwa ameshafariki. Nilikwambia zote saba zipo, nikakwambia tena sikukuu ilipofika, na hata juzi ulipouliza uzipandishe au uzibakishe ulikuwa unahesabu saba kichwani. Ni nne, mwanangu.

Ninakuomba radhi. Sikukuficha kwa kukuogopa. Ulikuwa umenijengea kitu ambacho ndani yake sikuwa na wa kumlaumu, na nilipopoteza nilijikuta nimesimama peke yangu.

Lakini sikia na upande wa pili, kwa maana nimeufikiria mwaka mzima. Nimepoteza mara mbili. Kule kwa wakubwa nilipopoteza sikujua nani amefunga, kwa nini, saa ngapi, wala mlango wa kubisha ni upi. Hapa kabatini nilipopoteza nilijua siku, nilijua mstari, na nilijua mkono. Ukinihoji sasa nitakuonyesha neno ambalo lingetosha kuibadilisha amri ile. Huzuni ni moja, lakini ile ya pili ina mwenyewe. Ndiyo tofauti yote niliyoiona kati ya njia hizi mbili, na mtu akikuahidi zaidi ya hiyo, mshukuru umpite. Ukiweza kukaa kwenye cha kwako huko uendako, kaa. Kifungue unachokihifadhi, ukisikilize, usiamini alama ya vema, hata iliyoandikwa na mkono wako. Usikae ukitumaini kitakuokoa.

Unakwenda kufanya kazi kwenye maghala hayo hayo ya kampuni, yanayohifadhi picha na sauti za watu. Sikulaumu, na shangazi yako akikwambia nimenuna, nimenuna kwa sababu ya umbali tu. Watu wa kwetu wamekwenda kila mara kulinda mali ya wengine. Labda ipo siku itafika huko barua ya mzee fulani anayesema mahali pake papo, na mashine imeshasema hapapo. Ningekwambia uisome mara mbili. Lakini umenieleza mwenyewe jinsi kazi ilivyogawanywa: wewe utatazama joto la vyumba na uzima wa diski, na barua hazitakufikia.

Uliniambia utazifunga sauti kwa ufunguo kabla ya kuzipandisha, na kwamba wao watakachokiona ni mchanga mtupu. Ninakuamini. Niliisoma hesabu ya ufunguo ule, kwa taabu, na nikaridhika kwamba mlango huo hauvunjiki. Kilichonizuia si mlango. Kwanza ni ahadi. Pili ni jambo ambalo mshika mnyororo hawezi kulifumbia macho. Sikiliza zile sauti nne. Zinasema: kutoka kwenye mkwaju, shika njia ya kisima, ukifika kwenye jiwe la kufulia, geuka mkono wa kiblani. Mkwaju ulikatwa. Kisima kiko chini ya bwawa la kuogelea. Jiwe la kufulia sijui liko wapi. Vipimo vyote ni sahihi, na hakuna hata kimoja kinachoanzia mahali. Tukizihifadhi miaka mia, atakayezisikiliza atawasikia wazee wanne wakimwelekeza njia ndani ya kiza.

Jana ulipokwenda Bodo kuwaaga wa upande wa mama yako, mimi nilipanda gari kwenda Waa. Sikukwambia. Katika wale saba, aliyebaki hai ni Mzee Suleimani peke yake. Nilitaka aniondolee ahadi, au anikatalie, nipate la kukujibu.

Nilimkuta amelazwa upenuni, mkewe akimpepea kwa upepeo wa ukili. Nilimwamkia. Hakuuliza habari za simu. Nikamweleza yote, hata lile la folda tupu, na nilipomtaja Bi Mwanahamisi alifumba macho kidogo akayafumbua. Nikamweleza kwamba unaondoka, kwamba mashine imebakiwa na diski moja nayo imeanza kulia, kwamba mimi macho yananipungua na daftari langu hakuna mwingine anayelisoma. Nikamuuliza: zitoke nje ya nyumba, au zifie ndani?

"Unaniuliza leo," alisema.

"Nakuuliza leo, Mzee."

"Zipeleke popote upendapo."

Nilidhani hakunielewa. Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyenikataza, kwamba ni yeye aliyesema mtu aje aulize kwa kinywa chake.

"Nilikukataza," akasema, "wakati kulikuwa na kitu cha kuficha."

Mkewe aliacha kupepea. Halafu akaendelea, na mimi nikanywa maji niliyopewa, nikamwaga yaliyobaki kwenye mche wa mpera, nikaaga. Hakunilaumu, Mejumaa. Nilikwenda na uso wa kulaumiwa nikarudi nao.

Kwa hiyo zipandishe. Fanya jioni hii kabla hujafunga begi, nami nitakaa karibu, nitasikiliza kila moja mpaka mwisho kabla haijapanda, ili safari hii tujue tunachokipeleka. Zifunge kwa ufunguo wako. Ufunguo uandike mara mbili kwenye karatasi, moja uende nayo, moja nibaki nayo, na nikifa usiitafute kwangu. Mashine iache ilipo. Nitaiwasha kila asubuhi mpaka siku itakapokataa, kisha nitamwambia shangazi yako arudishe birika lake.

Na unapoliundia lile folda jina, huko kwa watu, usiandike Mwatsumo. Usiandike makaburi, wala wazee, wala jina la mtu yeyote wa kwetu. Liite jina ambalo mtu akilipitia hatasimama. Liite bili za maji.

Ni mimi baba yako, niliye chumba cha pili.